Matundu sita kwenye dari ya sebule

Fundi umeme alipoaga, kazi ilikuwa imekwisha kweli: taa zinawaka, feni inazunguka. Ila dari yangu ya jipsamu hapa Bwiru, Mwanza, ilibaki na matundu sita, moja kubwa kama sahani ya ugali. "Hayo ya fundi jipsamu, kaka," akasema, akabeba ngazi yake.

Madogo niliyaziba bila shida. Kubwa ndilo lililonitia adabu. Nililijaza puti tupu, ule uji mzito wa kuzibia na kulainisha; asubuhi nikaikuta sakafuni. Mama mkwe, aliyekuja kutoka Ukerewe, akauliza kama kuna ndege amejenga humo.

Basi nikazima umeme kwenye swichi kuu, nikachungulia waya zilipopita, nikalikata tundu liwe mraba. Nikapenyeza vipande viwili vya mbao juu ya dari, nikavikaza kwa skrubu, kisha nikafungia hapo kiraka chenye unene uleule, milimita 9. Kichwa cha skrubu kizame kidogo tu. Kikichana karatasi ya jipsamu, hakishiki tena. Kwenye maungio nikabandika tepu ya nyavu, halafu puti nyembamba mara tatu, kila mara nikisubiri ikauke. Kwa masika haya, siku nzima.

Msasa? Vumbi lilifika hadi kwenye dagaa tulioanika nje.

Rangi nikapaka usiku, taa inawaka, dirisha la upande wa ziwa wazi. Vile vidudu vya ziwani vikanasa vyote darini. Nimevikwangua. Kesho napaka tena, mchana.