Anakisikia, haongei

Kwenye mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, Dungeons & Dragons lugha huandikwa kwenye karatasi ya mhusika, na ukishaiandika basi unaiongea kama mzawa. Kitabu cha sheria cha mwaka 2014 kinampa chotara wa binadamu na mwelfu (kiumbe wa kubuni wa msituni) Lugha ya Wote, Kielfu, na nyingine moja ya kuchagua mwenyewe.

Kundi letu la Shangani, hapa Mtwara, halikuwahi kuhoji hilo mpaka dada mmoja alipotengeneza mhusika wake chotara. Bibi wa dada huyo ni wa Newala, Kimakonde chake cha kunyooka. Mjukuu kakulia mjini. Anakisikia chote, ila akisemeshwa anajibu Kiswahili. Akaniuliza mimi ninayeendesha mchezo: huyu chotara wangu aliyelelewa bandarini na baba binadamu, Kielfu fasaha kakitoa wapi? Sikuwa na jibu, nikamkubalia. Sasa mhusika wake anaelewa kila neno na kujibu kwa Lugha ya Wote. Wazee wa waelfu msituni wanamcheka, wanamwita mgeni, halafu wanasahau kuwa anawasikia. Siri alizovuna humo zimetuendeshea hadithi nzima.

Tangu hapo nikaanza kuyatazama hata maandishi kwa jicho hilo. Kitabuni, majitu huandika kwa herufi za mbilikimo wa milimani. Aliyepitia madrasa Mikindani hili halimpi taabu: unaweza kuisoma Kurani kwa tajwidi na Kiarabu chenyewe usikijue, na Kiswahili cha pwani hii kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne kadhaa. Basi nikaweka lango la majitu lenye maandishi juu kabisa. Mchawi ana uganga wa kuelewa lugha, lakini kwa maandishi ni lazima ayaguse, na hayafikii. Ikabidi mbilikimo ayasome kwa sauti bila kujua anasema nini, mchawi akisikiliza chini na kutafsiri. Walipiga kelele mpaka jirani akachungulia.

Mwingine akapendekeza magoblini, vijitu viovu vya mchezoni, yaongee Kimakua, eti mchezo unoge. Hapo nilikataa. Magoblini tunayaua ili tuchukue dhahabu. Siwezi kuyapa lugha ya mama wa mtu aliyekaa hapohapo mezani anatafuna korosho. Yanaongea Kiswahili kama sisi sote, nabadilisha sauti tu.

Mchawi ananung'unika kwamba nimempunguzia nguvu uganga wake. Sijapunguza kitu: unadumu saa 1 vilevile, na tangu mwanzo ulimpa masikio tu, si ulimi. Akitaka kujibu, upo uganga mwingine wa daraja la 3. Ajitahidi afike huko.