Potifolio yangu ilivyogoma kufunguka Mwanjelwa

Wiki mbili nzima nalala saa nane usiku natafuta dizaini ya potifolio yangu, yani tovuti ya kuonyesha kazi zangu za dizaini, nazunguka Behance, nahamia Dribbble, nikitoka uko naingia Awwwards, mitandao ambako madizaina wanaonyesha kazi, kuangalia wenzetu wanavyotisha, nasevu skrinishoti mpaka simu ikaanza kulalamika imejaa. Kuna ile ya Bruno Simon, yule Mfaransa, unaendesha kigari kabisa ndo unazikuta kazi zake, aisee niliicheza kama gemu nikasahau ata nilienda kufanya nini.

Sasa ukiangalia nyingi mfululizo zinaanza kufanana. Nyuma peusi, jina kubwa limejaa skrini, kimpira kinafuata mausi kila inapoenda. Na mimi nikafanya hivohivo, tena nikaongeza video ya ukungu unashuka mlima Loleza asubuhi, nilijirekodia mwenyewe na baridi lile la Juni, nikajiona nimemaliza kazi.

Kuna mama ana duka la jumla la mchele Mwanjelwa, hapa Mbeya, alikuwa anataka nembo ya kuweka kwenye mifuko yake. Nikamtumia linki kisha nikamfuata dukani. Kaifungua kasimama pale mlangoni, simu kaishika mbali na macho, kaduara kanazunguka. Akaja mteja akapimiwa kilo tano, akalipa, akaondoka, kaduara bado kanazunguka.

"Baba, hii mbona inazunguka tu, au bando langu limeisha?"

"Subiri kidogo mama, inakuja."

Ikaja. Akaiangalia weee. "Sasa hapa nabonyeza wapi?"

Kusema ukweli pa kubonyeza hapakuwepo, kulikuwa na jina langu na ukungu, na kile kimpira kwenye simu hakipo maana simu haina mausi. Ukurasa wa kwanza peke yake ulikuwa MB 14! Nilitamani nijifiche nyuma ya magunia.

Narudi zangu kwa mguu nimenuna, nikamkuta fundi wa mabango anaandika bango la saluni, nikasimama kumwangalia, nilikuwa sina haraka tena. Ana uzi kaupaka chaki, kaubana huku na huku, anauvuta katikati anauachia, pa! mstari umenyooka. Kabla ya kugusa rangi alivuka barabara akaliangalia bango akiwa upande wa pili, akarudi akafuta neno moja. Nikamuuliza umefuta nini kaka, akasema mwenye saluni anataka huduma zake zote kumi ziandikwe, "lakini mtu anapita na bajaji huyo, atasoma saa ngapi?" Akabakiza kusuka, kunyoa na namba ya simu. Pembeni kote akaacha patupu, na mimi ningepajaza mauamaua pale najijua.

Usiku huo sikufungua Behance. Nilichukua daftari nikachora skrini ya simu, ya simu ya yule mama sio laptop yangu, nikaanza kufuta. Kazi kumi na tano zikabaki nne. Video ikaondoka (iliniuma), ikabaki picha moja niliyoibana ikawa KB 90. Maandishi yangu yalikuwa kijivu juu ya nyeusi, nikapima utofauti wa mwanga kati ya maandishi na rangi ya nyuma nikapata 2.8 kwa 1 wakati WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya tovuti zisomeke na kila mtu, unataka angalau 4.5 kwa maandishi ya kawaida, yani nilikuwa nawaficha watu maneno halafu nashangaa hawasomi. Rangi nikaziokota kwenye picha nilizopiga Tukuyu mvua imetoka kukatika, kijani ya chai na ule udongo mwekundu, nyuma nikaweka nyeupe ya kawaida tu. Kitufe cha WhatsApp nikakiweka chini kabisa pale dole gumba linapofika.

Zile skrinishoti sijazifuta zote, kuna tatu nne bado naziangalia kujifunza wanavyopanga nafasi na fonti, ila kigari nimemwachia mwenyewe.

Mama nilimpelekea tena Jumamosi. Ikafunguka kabla hajaondoa kidole, akashuka nayo mpaka chini, akarudi juu, akaikuza picha ya mfuko wa unga niliomchorea mtu wa Mbalizi.

"Huyu ulimtoza shilingi ngapi?"

Nikamtajia. Akacheka, akasema ye atatoa nusu, ndaga (asante kwa Kinyakyusa). Bado tunavutana mpaka leo.