Chapati tatu, nusu nusu

Jana binti yangu wa darasa la sita kaniuliza: "Mama, tatu gawanya kwa nusu inakuwaje sita? Si inatakiwa ipungue?" Nikabaki namtazama. Sisi tuliambiwa geuza, zidisha, basi. Tukafungua video ya dakika nne kwenye simu: chapati tatu, kila mtu nusu, watakula wangapi? Sita! Nikapiga kelele jikoni kama goli limeingia. Miaka 41, ndiyo kwanza naelewa!

(Hata Salman Khan wa Khan Academy, ile tovuti ya masomo ya bure kwa video, alianzia nyumbani, 2004, akimfundisha binamu yake hesabu kwa mbali.)

Tukairudia mpaka bando likakata. Mdogo wake hana habari na hesabu, anauliza tu chapati zinapikwa saa ngapi. Haya, nimekanda unga.