Kikapu cha Pareto

Mwaka ule ugonjwa wa ukungu ulipoingia shambani kwetu, huku kwenye miinuko ya Uporoto, majani ya viazi mviringo yalianza kwa madoa meusi pembezoni, na kabla ya juma kuisha shamba zima lilikuwa limesinyaa kana kwamba limemwagiwa maji ya moto. Mvua haikukatika, dawa tuliyopulizia jioni ilioshwa usiku, na nilipofukua shina la kwanza kiazi kilipasukia mkononi, uji mtupu. Mkopo wa mbolea ulikuwa bado haujalipwa.

Mama hakunipa pole nyingi. Alinipa kikapu, akanielekeza kwenye kipande cha pareto kilichoko juu ya kilima, ambacho mimi, kwa kiburi cha mtu aliyezoea kufunga lumbesa, yale magunia ya viazi yaliyojazwa hadi kufurika, nilikuwa nikikiita bustani ya wazee. Pareto hupenda baridi kama ya kwetu. Maua yake huchumwa yakiwa yamefunguka, yakaanikwa juani, na sumu iliyomo ndiyo inayotengenezewa dawa ya kuulia wadudu. Ni kazi ya vidole na subira, kwa kuwa ua kavu ni jepesi mno na gunia huchelewa kujaa. Nakiri kwamba siku za mwanzo nilichuma kwa hasira.

Deni nililimaliza msimu wa pili. Viazi bado nalima, ila kwenye nusu ya shamba tu. Kwenye nusu nyingine Mama akipita husimama, akatazama maua yaliyokwisha kufunguka, kisha huniuliza kikapu kiko wapi.