Hajiri, unatoka wapi?

Jumanne, usiku

Nilifungua Mwanzo 16 ili nijiandae kuongoza kipindi cha kusoma Biblia, nikidhani ni kazi ya nusu saa. Leo ni usiku wa nne na bado niko palepale. Sura yenyewe ina aya 16 tu: Sarai, asiye na mtoto, anampa mumewe Abramu mjakazi wake Mmisri, Hajiri, ili amzalie. (Baadaye Abramu na Sarai wanaitwa Ibrahimu na Sara.)

Kilichoninasa ni jambo dogo nililolipita miaka yote: Sarai hamtaji Hajiri kwa jina hata mara moja. Anasema "mjakazi wangu". Abramu anajibu "mjakazi wako". Msimulizi analijua jina, wenye nyumba hawalitamki. Wa kwanza kumwita Hajiri ni malaika, tena nyikani, penye chemchemi katika njia ya Shuri, wakati ameshakimbia na mimba yake. Hata malaika anaongezea papo hapo: mjakazi wa Sarai. Kisha anamuuliza, unatoka wapi, nawe unakwenda wapi? Hajiri anajibu swali la kwanza tu. Njia ya Shuri inaelekea Misri, kwao, kwa hiyo huenda alikuwa anarudi nyumbani, lakini mwenyewe hasemi.

Nikaingia kwa wafasiri. Nilichokuta ni kwamba karibu kila aliyemsoma mwanamke huyu alimpa jina jingine.

Marabi wa midrashi, yaani masimulizi ya kale ya Kiyahudi yanayofafanua Biblia, walimfanya binti Farao. Wanasimulia kwamba Farao, alipoona muujiza uliotendeka nyumbani mwake kwa ajili ya Sarai (Mwanzo 12), alisema ni heri binti yake awe mjakazi katika nyumba hii kuliko kuwa bibi katika nyumba nyingine. Wanalichezea na jina: agar, ujira, "huu hapa ujira wako". Mara ya kwanza hadithi hii iliniudhi, maana mtumwa anapandishwa cheo ili utumwa wake uonekane heshima. Siku ya pili nikailegezea kidogo. Angalau wameona kwamba Hajiri alikuwa na kwao kabla ya kuwa mali ya mtu.

Rashi, mfasiri mkuu wa Troyes wa karne ya 11, ananichanganya zaidi. Hajiri anapofukuzwa katika sura ya 21 na kupotea nyikani, Rashi anasema alirudia sanamu za nyumba ya baba yake. Ukifika sura ya 25, Ibrahimu anamwoa mwanamke aitwaye Ketura, na Rashi yuleyule anatuambia kuwa Ketura ni Hajiri! Ameitwa hivyo kwa sababu matendo yake yalipendeza kama uvumba, ketoret, na tangu atoke kwa Ibrahimu hakumjua mwanamume mwingine. Kwa kalamu moja amekuwa mwabudu sanamu na manukato ya madhabahuni.

Ila aliyenikosesha usingizi ni Ramban, yaani Moshe ben Nahman, Mhispania wa karne ya 13. Kwenye aya ya 6, pale Sarai anapomtesa Hajiri hadi anakimbia, haweki pazia. Anaandika kwamba mama yetu alitenda dhambi kwa mateso haya, na Ibrahimu pia kwa kumruhusu. Mama yetu! Hamkani, wala hamtetei. Anaendelea kusema kuwa Mungu alisikia mateso ya Hajiri akampa mwana ambaye uzao wake ungekuja kuwatesa wazao wa Ibrahimu na Sara. Sentensi hiyo ina uchungu wa mtu aliyeishi katikati ya dola zilizokuwa na nguvu juu ya watu wake, na siwezi kuimeza yote. Lakini kuhusu ile dhambi ya mama yetu, sijakuta Mkristo wa zama zake aliyesema wazi hivyo.

Nikarudi kwenye Biblia yangu ya Kiswahili kuliangalia neno lenyewe. Sura ya 15, Ibrahimu anaambiwa uzao wake utateswa ugenini miaka 400. Sura inayofuata, Sarai anamtesa Mmisri. Kutoka 1, Wamisri wanawatesa Waisraeli. Kiebrania kinatumia kitenzi kimoja mahali pote hapo, na watafsiri wetu walikilinda. Nimelisoma tangu utotoni bila kulisikia.

Kwa upande wetu Wakristo, mlango wote umesimama juu ya Paulo. Katika Wagalatia 4 anasema mambo haya ni mfano: Hajiri ni mlima Sinai, ni Yerusalemu wa sasa, yuko utumwani pamoja na watoto wake. Paulo hakuwa anamzungumzia Hajiri. Alikuwa anagombana na waliowaambia Wagalatia kwamba lazima watahiriwe, na alisema hayo akiwa Myahudi ndani ya ugomvi wa kifamilia. Lakini anachukua maneno ya Sara, "mfukuze mjakazi na mwanawe", na kuyataja kama Andiko. Familia ilipogawanyika na Kanisa likapata dola, maneno hayo yalielekezwa kwa Wayahudi wenyewe, watoto wa Sara wakaambiwa ni watoto wa Hajiri. Askofu Augustino, mwanzoni mwa karne ya 5, aliyatumia kwa Wakristo wenzake wa Afrika ya Kaskazini, Wadonati, waliojitenga na Kanisa: Sara alipomtesa Hajiri ilikuwa adabu, kwa hiyo Kanisa nalo laweza kuwabana waasi. Hapo niliufunga ukurasa nikaenda kunywa maji.

(Waislamu wana Hajara wao, na mbio za Safa na Marwa. Hilo nitaliacha kwa siku nyingine.)

Ilichukua muda mrefu hadi wasomaji waliofanana na Hajiri wapate kalamu. Delores Williams, mwanatheolojia Mmarekani mweusi, aliandika mwaka 1993 kwamba katika sura ya 16 Mungu hamkomboi Hajiri. Anamrudisha kwa bibi yake. Anachompa ni njia ya kuendelea kuishi. Nimehubiriwa mara nyingi kwamba Mungu "alimwona" Hajiri, na ni kweli, ndilo jina ambalo Hajiri alimpa Mungu, El Roi, Mungu anionaye. Ila wahubiri huikimbia aya ya 9, ile ya "rudi, ukanyenyekee". Nami kesho nilikuwa nimepanga kuikimbia.

Ile chemchemi ya nyikani, kisima kile, iliitwa Beer-lahai-roi kutokana na jina hilo. Nimegundua leo kwamba Rebeka anapofika, sura ya 24, Isaka anatokea huko. Midrashi inauliza alifuata nini, na inajibu: alikwenda kumchukua Hajiri, amrudishe kwa baba yake mjane. Rashbam, mjukuu wa Rashi, alimpinga babu yake waziwazi, Ketura si Hajiri. Kwa maandishi naona mjukuu ana haki. Lakini Isaka nashindwa kumwacha. Anamzika baba yake katika pango la Makpela, bega kwa bega na Ishmaeli, mwana wa Hajiri, halafu aya ya 11 ya sura ya 25 inasema alikaa karibu na Beer-lahai-roi. Kati ya visima vyote vya nchi ile, akachagua kile.

Kesho nitaanza na aya hiyo, kisha niirudie ya 9. Nimeshafuta maelezo ya mwanzo.