Arabuni ya Roho

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Somo la wiki hii ni 2 Wakorintho 1:15–22, na neno tutakalokaa nalo limo katika aya ya mwisho: "naye ndiye aliyetutia muhuri akatupa arabuni ya Roho mioyoni mwetu." Nimenukuu Biblia ya Union, ile ya mwaka 1952, ambayo wengi wetu ndiyo tuliyolelewa nayo. Humo Paulo anaitaja arabuni mara tatu: hapa, halafu sura ya 5 aya ya 5, na tena katika Waefeso 1:14. Lakini ukifungua Wagalatia 1:17 utamkuta Paulo huyohuyo akisema alikwenda zake Arabuni, na hapo anataja nchi. Kinachotofautisha ni herufi kubwa peke yake, na masikio hayasikii herufi kubwa. Si ajabu msomaji wa somo akaipita arabuni ya Roho mbiombio, na waliokaa kwenye mabenchi wakadhani imetajwa safari ya Uarabuni.

Arabuni ni neno la sokoni. Ni fedha ya kwanza anayotoa mnunuzi ili kitu alichokipenda kisiuzwe kwa mwingine. Wengi leo husema advansi, au kianzio. Kenya utasikia dipoziti. Ukienda Keko kuagiza kitanda, fundi hashiki randa mpaka uache chochote mkononi mwake, na ukighairi baada ya hapo, imekula kwako. Fedha ile ni ndogo kuliko bei, lakini imeshawafunga watu wawili. Watu wa pwani walilipata neno hili kwa Waarabu. Waebrania nao walikuwa nalo tangu kale, kwa sababu lugha hizo mbili ni ndugu, na wataalamu wengi huona kwamba Wagiriki walilipokea kwa wafanyabiashara wa Foinike. Kwa hiyo lilipoandikwa katika Agano Jipya la Kigiriki lilikuwa neno geni lililokwisha kuwa mwenyeji, kama yalivyo mengi katika Kiswahili chetu.

Mfano mmoja wa matumizi yake naupenda sana. Mwishoni mwa mwaka 1896 Waingereza wawili, Grenfell na Hunt, walianza kuchimba majalala ya mji wa kale wa Misri uitwao Oxyrhynchus. Walifukua maelfu ya vipande vya mafunjo: barua, risiti, mikataba, mashtaka ya majirani. Kimojawapo ni barua ya karne ya kwanza, karne ya mitume. Mwandishi anamweleza mwenzake mambo ya hesabu, na anasema amempa Lampon, mtega panya, drakma 8 za arabuni, awakamate panya wangali na mimba. Basi. Hiyo ndiyo heshima ya neno hili mitaani wakati Paulo anaandika: drakma 8 za mtega panya. Sisi tukitaka kumtaja Roho Mtakatifu tungetafuta neno lililovaa kanzu. Paulo alichukua lile la Lampon.

Kwa nini alifanya hivyo? Soma kuanzia aya ya 15 utaona kwamba mtume alikuwa matatani. Alikuwa amewaahidi Wakorintho kwamba atapita kwao akielekea Makedonia, arudi tena kwao, kisha wamsafirishe kwenda Uyahudi. Hakufika kama alivyosema. Watu wakaanza kunong'ona, maana mchungaji asiyetimiza ratiba hanusuriki na midomo ya washarika, wakati ule na sasa. Yeye mwenyewe analitaja shitaka lao: je, nilitumia kigeugeu? Je, mimi ni mtu wa "ndiyo, ndiyo" na papo hapo "siyo, siyo"? Hatari aliyoiona ni kubwa kuliko jina lake kuchafuka. Akidhaniwa kigeugeu mjumbe, ujumbe nao utadhaniwa hivyo hivyo. Kwa hiyo anaiacha kidogo habari ya safari (sababu ataitoa baadaye, aya ya 23: alitaka kuwahurumia) na kwanza anasema habari za Mungu: ahadi zote za Mungu katika Kristo ni Ndiyo, na katika yeye ni Amin. Hata hiyo Amin tunayoiitikia kwa mazoea inatokana na shina la Kiebrania lenye maana ya kitu kilicho imara, kisichotikisika.

Kisha anayapanga maneno ya mkataba moja baada ya jingine. Mungu anatufanya imara. Katika Kigiriki hilo ni neno lililotumika hata mambo ya sheria, muuzaji anapothibitisha kwamba mali ni halali ya mnunuzi. Mungu anatutia muhuri. Mungu anatoa arabuni. Wasikilizaji hawakuhitaji kufafanuliwa. Korintho ulikuwa mji wa biashara wenye bandari mbili, Lekayo upande wa magharibi na Kenkrea upande wa mashariki, na Julius Kaisari ndiye aliyeuanzisha upya kama koloni ya Kirumi mwaka 44 kabla ya Kristo. Fibi, aliyekuwa mhudumu wa kanisa, alitoka Kenkrea. Erasto alikuwa wakili wa mji, mtu wa hazina. Waumini wa namna hiyo, ukiwaambia Mungu ametanguliza arabuni, wanajua mara moja kwamba hasemi kwa mdomo mtupu.

Sasa turudi nyuma, mpaka mahali ambapo neno hili linaonekana kwa mara ya kwanza katika Maandiko. Katika Agano la Kale lote la Kiebrania limo katika sura moja tu, na sura yenyewe ni ile ambayo wazazi huiruka wakisoma na watoto: Mwanzo 38. Tamari alikuwa mjane. Ameolewa na mwana wa Yuda, akafa. Akapewa mdogo wake, naye akafa. Yuda akamwahidi wa tatu, Shela, akimaliza kukua. Shela akakua, na ahadi ikalala. Tamari akajifunika uso, akaketi njiani, na Yuda asimtambue akamtaka. Akaahidi mwana-mbuzi kutoka kundini. Tamari akasema: utanipa rehani mpaka utakapomleta? Akadai pete ya muhuri, na kamba yake, na fimbo iliyokuwa mkononi mwa Yuda.

Hapo kwenye "rehani", Kiebrania kina neno lilelile la arabuni. Watafsiri wetu hawakukosea, walilipima jambo. Fimbo si sehemu ya mbuzi. Imewekwa tu mpaka mbuzi aje, kisha irudi kwa mwenyewe, na kitu cha namna hiyo kwa Kiswahili ni rehani. Lakini mtazame mwanamke huyu. Kwa nini alidai kitu mkononi? Alikwisha kupewa ahadi na mtu huyuhuyu, akaingoja kwa nguo za ujane mpaka akachoka. Aliyelaghaiwa mara moja hakubali tena maneno. Yapata miezi mitatu baadaye ikasemwa Tamari ana mimba ya uasherati, naye Yuda akatoa hukumu bila kuuliza zaidi: mtoeni, ateketezwe. Akiwa anatolewa, Tamari akapeleka vile vitu kwa mkwewe: mwenye hivi ndiye mwenye mimba hii, tambua. Yuda akatambua, akasema, "Yeye ni mwenye haki kuliko mimi."

Kilichomwokoa Tamari na moto ni muhuri na rehani vilivyokuwa mikononi mwake. Sikiliza tena Paulo: akatutia muhuri, akatupa arabuni. Siwezi kuapa kwamba Mwanzo 38 ilikuwa mawazoni mwake alipoandika, na ningeomba tusijenge fundisho juu ya hilo. Lakini nikiisoma aya ile sasa, namwona Tamari amesimama mbele ya watu waliokwisha kukusanya kuni, hana mume, hana mtetezi, na ana vitu vya mtu mwingine vinavyosema kwa niaba yake. Mathayo hakumwonea haya. Amemwandika jina katika ukoo wa Bwana wetu, sura ya 1 aya ya 3.

Tafsiri za karibuni huweka "dhamana" badala ya arabuni. Nami naelewa sababu: linasikika, linaeleweka. Ila dhamana tunayoijua sisi ni ya polisi na ya benki. Unaweka hati ya kiwanja, mkopo ukiisha unaichukua. Arabuni hairudi, na tena ni ya aina moja na salio. Aliyeacha shilingi kwa fundi atamalizia kwa shilingi. Ndiyo maana Paulo anawaandikia Waefeso kwamba Roho ni arabuni ya urithi wetu: tulichokwisha kupokea ni kipande cha chenyewe kitakachokuja. Waraka kwa Waebrania 6:5 unasema habari za watu walioonja "nguvu za zamani zijazo". Maneno hayo kwa Kiswahili cha leo yanashangaza, maana zamani tumeizoea kuwa nyuma; ila zamani ni nyakati, na nyakati nyingine bado ziko mbele, na ladha yake imeshatufikia.

Kwa hiyo anayetaka kujua mbinguni kukoje asihangaike sana na maswali ya barabara za dhahabu. Aangalie mahali ambapo Roho ameshafanya kazi. Kikao cha ukoo kilichokuwa kimegawanyika kwa ajili ya shamba, kikaisha ndugu wakishikana mikono, na mmoja akiwa amekubali kupata pungufu. Mama aliyemsamehe aliyemuumiza, na anapomtaja sauti haibadiliki. Kijana aliyeacha pombe na hajarudi. Mambo haya ni machache, nakubali, na kuna wiki huyaoni kabisa. Arabuni siku zote ni ndogo kuliko bei.

Na hapa nina neno moja la kusema kwa upole, ingawa najua si wote watalipenda. Siku hizi tunahubiriwa sana kupanda mbegu. Unataka nyumba, tanguliza mbegu ya nyumba. Unataka mtoto, tanguliza mbegu ya mtoto. Kumtolea Mungu ni vema, na 2 Wakorintho sura ya 8 na 9 zimejaa habari za kutoa. Lakini pale mwamini anapoambiwa atangulize fedha ili Mungu afungwe, arabuni imegeuzwa kichwa chini. Katika somo letu anayetanguliza ni Mungu. Yeye ndiye aliyetia mkono mfukoni kwanza. Wala hakudaiwa. Tamari alilazimika kudai kwa sababu alikuwa anashughulika na Yuda. Wakorintho hawakudai chochote, na walikuwa kanisa la ugomvi, la kushitakiana mahakamani, la wengine kulewa mezani pa Bwana. Arabuni ilikwisha kuwekwa mioyoni mwao hata hivyo. Kwa desturi ya arabuni, anayeghairi ndiye anayepoteza. Mungu akiwaacha watu wake amepoteza nini? Roho wake mwenyewe. Ninyi pimeni kama hilo linawezekana.

Wapo kati yetu wanaosumbuliwa na swali la kama kweli wameokoka. Kila Jumapili wanaitikia mwito upya, na Jumatatu wana mashaka tena. Hao nawaomba waache kujipima kwa ukubwa wa walichonacho. Fundi hapimi neno la mteja kwa unene wa noti. Anaangalia nani ameziacha.

Limebaki jambo la kuugua, nalo halina budi kusemwa, kwa sababu mara ya pili Paulo anapoitaja arabuni, katika sura ya 5, anaitaja katikati ya maumivu. "Sisi tulio katika maskani hii twaugua, tukilemewa." Maskani ni mwili, na Paulo, aliyekuwa fundi wa kushona mahema, alijua jinsi hema linavyochakaa. Hakusema kwamba mwenye Roho haugui. Katika Warumi 8:23 amesema wazi kwamba sisi tulio na malimbuko ya Roho, sisi nasi twaugua. Aliye na kianzio ndiye anayelijua deni lililobaki. Asiyepewa chochote hana anachongojea. Kwa hiyo ndugu yetu anayekwenda kusafishwa figo kila wiki, na dada anayemuuguza mama asiyemkumbuka tena jina, wasiambiwe kwamba kuugua kwao ni upungufu wa imani. Wana arabuni. Wanangojea salio, "ili kitu kile kipatikanacho na mauti kimezwe na uzima."

Wenye wagonjwa nyumbani, someni pamoja nao 2 Wakorintho 5:1–10 wiki hii, polepole, hata kama mgonjwa amefumba macho. Wengine tusome Mwanzo 38 yote bila kuruka, na wazazi wajiandae kwa maswali ya watoto.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutasoma Marko 7:9–13, penye neno Korbani, ambalo watu walilitumia kwa kazi iliyo kinyume kabisa: kulitaja jina la Mungu ili mzazi asipewe kitu.

Tuombe. Baba, umetupa kabla hatujaomba. Wakumbuke wanaougua usiku huu. Waliolaghaiwa na wanadamu mpaka wakaogopa kila ahadi, waonyeshe kilichomo mioyoni mwao. Kwa Yesu Kristo, ambaye katika yeye tunasema Amin.