Elf yangu: sepereta ya oili imekaa, na uchafu wa chini ya kabini umetoka

Mpango ulikuwa kufunga sepereta ya oili (kopo la kunasa oili kwenye gesi ya injini) basi, mambo ya kuosha injini hayakuwa kwenye hesabu kabisa. Lori ni ile Isuzu Elf yangu, injini 4JJ1, cc 2999, komon reli (dizeli inapulizwa kwa presha kubwa), ina tabo ya kusukuma hewa na intakula ya kuipoza, ndo injini ile ile watu wa D-Max wanayo kwa hiyo spea zake hazisumbui. Kazi yake, huku kwetu Uganda, ni kupanda Kapchorwa na saruji na vitu vya duka halafu kushuka Mbale na mahindi au viazi. Wanaoijua ile barabara wanajua, Mbale iko kama mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, Kapchorwa imepita 1,700, na ukianza kupanda kuelekea Sipi tabo haipumziki.

Sasa juzi nabadilisha klipu ya mpira wa intakula nikakuta oili imelala mle ndani. Siyo ya kutisha, oili kidogo pale ni kawaida, lakini nilipopitisha kidole kikatoka cheusi kinateleza mpaka kwenye kucha. Hapo nikasema sepereta lazima.

Kwa ambaye hajawahi kuishughulikia: moto ukisukuma pistoni chini kuna gesi kidogo inapenya pembeni ya ringi inaingia kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), hata injini mpya inapenyeza. Hiyo gesi ni lazima itoke, isipotoka presha inajaa ndani na kuanza kutafuta sili (mpira wa kuzuia oili isivuje) iliyo dhaifu. Malori ya zamani yalikuwa na bomba tu linaning'inia linapulizia barabarani, halafu mwanzoni mwa miaka ya 1960 kule California wakaanza kulazimisha magari mapya yairudishe gesi kwenye injini ichomwe, na mtindo ukaenea kote. Kwenye 4JJ1 inatokea kwenye tapeti kava (kifuniko cha juu ya injini), inapita kwenye hosi, inaingia kwenye bomba la hewa kabla ya tabo, na humo njiani imebeba mvuke wa oili. Mvuke wenyewe ungeweza kuvumiliwa, shida ni ukifika kwenye manifoldi (mabomba ya kugawa hewa kwenye silinda) unakutana na masizi ya EGR (mfumo wa kurudisha moshi wa ekzosi kwenye injini), vinashikana, vinakauka, njia ya hewa inazidi kuwa nyembamba na wewe unabaki kulaumu nozeli. Sepereta inakaa katikati ya ile hosi, gesi ikiingia inagonga kuta na wavu, matone yanabaki chini, gesi inaendelea na safari yake.

Jumamosi, kuosha

Nilikuwa nimeshainua kabini nimeshika drili natafuta pa kufunga braketi, mzee fundi wa gereji ya jirani akaja kusimama nyuma yangu.

"Mzee, naona hapa panafaa, au?"

"Kijana, wewe unaona pa kutoboa hapo? Mimi naona shamba."

Na kweli lilikuwa shamba. Upande wa kushoto wa injini, chini ya bomba la hewa, kulikuwa na tope la oili na vumbi jekundu limeshikana unene wa vidole viwili, na ndani yake punje za mahindi, moja imeota kabisa ina jani. Taniboi (utingo) wangu alicheka mpaka akakaa chini. Basi drili ikarudi kwenye boksi.

Woshingi bei (pa kuoshea magari) sikwenda. Siyo kwamba nawachukia wale vijana, wanafanya kazi ngumu, ila waliowahi kuosha injini yangu walipiga pampu ya presha ikiwa bado ya moto, maji yakaingia kwenye plagi ya sensa na lori likakaa linawasha taa ya injini wiki nzima. Chuma cha moto kama manifoldi ya ekzosi na tabo ukikipiga maji baridi kinaweza kupasuka, na hii ni injini yenye vifaa vya umeme na sensa, siyo zile za zamani unamwagia ndoo. Halafu kuna wale wanaochanganya kostiki soda kwenye maji ili grisi itoke haraka. Inatoka kweli, lakini kostiki inakula aluminiamu, na hapo chini ya kabini vitu vya aluminiamu ni vingi, mabomba, hauzing'i, intakula yenyewe. Ukiona aluminiamu imegeuka nyeusi au kijivu cha vumbivumbi baada ya kuoshwa, ujue umelishwa kostiki.

Nilivyofanya mimi: injini vuguvugu tu, ya kuweza kushika kwa mkono. Nikatoa waya hasi wa betri, hii ni volti 24 ina betri mbili kwa hiyo nilihakikisha natoa ile inayoenda kwenye chesisi, siyo ile inayounganisha betri na betri. Alteneta, boksi la fiuzi, plagi zote ninazoziona, mdomo wa hewa, vyote nikavifunga kavera (mfuko wa nailoni) na raba ya tyubu. Halafu kukwangua kukavu kwanza, na hapa ndo watu wanapata haraka wanaruka. Nilitumia vipande vya mbao nilivyovichonga ncha, bisibisi inachana hosi na kukwaruza kava. Chini tulitandaza maranda kutoka kwa seremala ili yanywe ile oili, manake pale tulipo mtaro unaenda moja kwa moja mto Namatala na kuna watu huko chini wanamwagilia mboga na maji hayo. Tope kavu peke yake lilijaza debe.

Baada ya hapo dawa ya kuondoa grisi, brashi ya rangi kwa sehemu pana na mswaki wa zamani kwa kona. Parafini niliitumia kidogo sana sehemu zilizokataa, na nikaifuta mapema kwa sababu inalegeza mipira. Petroli hapana, hata mtu akikwambia ndo inasafisha vizuri zaidi, mvuke wake unaokota cheche popote. Maji ya kusuuza yalikuwa ya mpira wa kawaida bila presha, nikafuata na compresa kupuliza kila plagi, na tukaiacha kabini juu juani mpaka jioni.

Usafi ulionyesha nini

Nilivyoanza nilikuwa na uhakika sili ya nyuma ya krenki (shafti kuu ya injini) inavuja, maana oili ilikuwa inadondokea pale kwenye hauzing'i ya gia. Kila fundi aliyeangalia alisema hivyo hivyo, na kushusha gia ili ubadilishe ile sili ni kazi ya pesa. Sasa injini ikiwa safi na kavu nikaiwasha, nikakaa na tochi, ikachemka vizuri, nikaikanyaga kanyaga. Mstari mwembamba unang'aa ukaanza kushuka kutoka kona ya nyuma ya tapeti kava, unapita nyuma ya blok, unaenda kuangukia palepale kwenye hauzing'i. Sili ya krenki ilikuwa kavu kabisa! Oili ilikuwa inatoka juu.

Gasketi ya tapeti kava ilibadilishwa kabla sijanunua lori, bado laini. Kwa nini ivuje? Nikafungua kifuniko cha kutilia oili nikafunika ule mdomo na kavera nikaishika pembeni kwa mkono, injini inanguruma sailensi bila kukanyagwa. Kavera ikajaa upepo ikasimama. Yaani gesi haina njia.

Kuitoa ile hosi ya kupumulia ndo nikaelewa. Nje ilionekana nzima, hata inang'aa, lakini ukiangalia kwa ndani tundu limebaki kama la kalamu. Mwenye lori wa kwanza, au fundi wake, aliweka mpira wa hita. Ule mpira ni wa maji ya rejeta, unavumilia joto na kulanti vizuri sana lakini oili ni adui yake, ukiunywesha mvuke wa oili kila siku unavimba kama andazi kwenye karai, na kwa kuwa nje umebanwa na klipu unavimbia ndani. Hakuna aliyekuwa anaona kwa sababu ya tope. Ndo maana saa hizi nikisikia mtu anasema "sili imekwisha" kwenye injini chafu namwambia aoshe kwanza ndo tuongee.

Sepereta yenyewe

Kampala, pale Kiseka Market, zipo za kila aina, na nyingi ni kopo tu. Zina rangi nzuri, bluu, nyekundu, kifuniko kinang'aa, ukifungua ndani hakuna kitu, mdomo wa kuingilia unaangaliana na wa kutokea kwa hiyo gesi inaingia na kutoka bila hata kusalimia. Zile za kazi kweli kama ProVent 200 ya Mann+Hummel zina filta ndani inayobadilishwa na valvu ya usalama, filta ikiziba presha inapata pa kutokea, na zimepimwa kwa lita 200 za gesi kwa dakika. Bei yake mpya iliniambia nirudi nyumbani. Nikachukua kopo la aluminiamu lenye bati la kugawa katikati na bomba la kuingilia linaloshuka mpaka karibu na chini, midomo ya milimita 19 sawa na ya tapeti kava. Hapo kwenye kipimo usikubali kupunguza hata kidogo, ukiweka mdomo mwembamba umerudi kwenye ugonjwa ule ule wa mpira uliovimba.

Ndani nikaongeza zile nyavu za kusugulia masufuria, za stenlesi, zile za utepe uliojikunja. Stilwulu ile laini ya nyuzi usiweke, inakatika vipande vidogo na kituo kinachofuata ni tabo, inayozunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika. Na sikuzishindilia. Kopo langu halina valvu ya usalama kwa hiyo afadhali linase oili kidogo kuliko lizibe.

Pa kuifunga palinisumbua kuliko vyote. Kwenye Elf kabini nzima inainuka, kwa hiyo huwezi kushika kitu chochote kwenye kabini, siku ukiinua utachana hosi. Lazima ikae kwenye chesisi, lakini injini nayo inacheza kwenye mauntini zake (mipira inayoishikilia), kwa hiyo hosi inahitaji ulegevu kidogo, na ule ulegevu usitengeneze bonde, maana bondeni oili na maji vinalala na kuziba. Iwe inateremka tu kutoka tapeti kava mpaka kwenye kopo. Mwisho nikapata sehemu upande wa kushoto ndani ya chesisi, mbali na ekzosi, penye tundu la boliti la kiwandani ambalo halikuwa na kazi, kwa hiyo hata drili sikuitumia. Braketi ni flati ba (chuma bapa) niliyokunja kwenye jiliwa, imechomelewa na kijana wa jirani.

Kujua kama kabini itaigusa nilibandika donge la udongo wa mfinyanzi juu ya kifuniko, nikashusha kabini polepole mpaka ikafunga, nikainua tena. Udongo ulikuwa umebonyea ukabaki unene wa kidole gumba. Inatosha.

Hosi nimeweka ya mafuta, ile ngumu yenye nyuzi katikati, imeandikwa ubavuni kuwa ni ya oili na mafuta. Bei karibu mara mbili ya ile ya hita, taniboi aliona nachezea sente, nikamwonyesha ile ya zamani akanyamaza. Chini ya kopo kuna kipande cha hosi na koki ya kumwagia, mkono wa koki nimeufunga na waya kwa sababu mtikisiko unaweza kuufungua wenyewe.

Jaribio la kavera nikarudia: haijai tena, inachezacheza tu.

Baada ya kupanda na kushuka

Kona ya tapeti kava imebaki kavu, gasketi sikugusa. Nimerudi Mbale na mzigo wa mahindi nikafungua koki kwenye chupa ya maji ya nusu lita, imetoka kama robo yake. Juu nyeusi nyepesi inanuka dizeli, chini kuna maji yamechanganyika na oili rangi ya kahawia hafifu. Yale maji ni ya mwako, na asubuhi za Kapchorwa ni baridi kwa hiyo mvuke unageuka maji haraka kwenye kopo, nategemea msimu wa mvua yataongezeka. Mtu asije akairudisha hiyo kwenye injini kwa kubana matumizi, ina maji na asidi. Yangu inaingia kwenye jerikani la oili chafu.

Halafu sepereta haiponyi ringi. Kama injini yako inapumua mpaka kifuniko cha oili kinarukaruka, utajaza kopo kila siku na bado injini itabaki imechoka. Yangu nimeipima kompresheni kwa yule mzee na silinda zote nne ziko karibu karibu, ndo maana nimeona ina maana kuhangaika.

Kilichobaki ni manifoldi. Oili mpya haiingii tena lakini ile lami ya zamani bado iko mle na EGR pia haijafunguliwa. Nimeagiza gasketi zake Kampala, zikifika kabla mavuno hayajaanza nitafungua, zisipofika itasubiri, siwezi kulaza lori wakati mahindi yako barabarani.